Ku Kalemie Unapanda Nini?

Neema na Mapendo, wadogo zangu, nimestaafu. Msicheke. Najua watu hustaafu wakiwa na mvi na magoti mabovu, na mimi nina miaka kumi na minane tu na diplome ambayo hata sijaizoea. Lakini kazi ni kazi. Tangu nilipoingia mwaka wa kwanza wa sekondari mpaka leo asubuhi, kila siku ya boti nimekaa nyuma ya meza ya Koko, bibi yetu, pale bandarini Baraka, nikifunga chakula cha wasafiri. Sasa meza ni yenu. Koko hatawafundisha kwa maneno. Yeye anafundisha kwa kuupiga mkono unaokosea. Mimi kupiga sipendi, na kusema kunanishinda, mnanijua. Kwa hiyo nawaandikia.

Mnaijua meza, lakini kazi hamjaijua. Mnadhani tunauza samaki na mihogo kama bamama wengine. Siyo. Boti inashuka na ziwa mpaka Kalemie, na kule Kalemie njia inagawanyika. Kuna wanaopanda treni kwenda Lubumbashi, na kuna wanaopanda ndege kwenda Lubumbashi ileile. Mji ni mmoja, chakula si kimoja. Kwa sababu hiyo, kabla hujashika kitu chochote pale mezani, unamuuliza mteja swali moja: "Ku Kalemie unapanda nini?"

Ni maneno mafupi. Kwangu yalikuwa marefu kama barabara ya Uvira wakati wa mvua. Mteja akisimama mbele yangu, sauti ilikuwa inashuka mpaka tumboni na kukataa kupanda tena. Mapendo, wewe najua unanielewa. Nimekuona ukijificha nyuma ya mlango pasta akija kusalimia. Basi nikatafuta njia yangu ya kukwepa. Nikawa naangalia viatu. Mwenye viatu vilivyopigwa rangi na soksi, huyo wa ndege. Mwenye kandambili na mkeka uliokunjwa, huyo wa treni. Nilifunga hivyo miezi mingi bila kufungua mdomo, na Koko hakugundua, maana viatu vilikuwa vinasema kweli. Mpaka siku ya mwalimu wa Mboko.

Alikuja na shati lililopigwa pasi na viatu vyeusi ambavyo ungeweza kujitazama ndani yake. Nikamfungia chakula cha ndege: mandazi mawili, karanga kidogo, na samaki wa kupelekea watu, aliyefungwa kwa namna ya Koko, kwamba bila kisu humfungui mpaka ufike. Akashukuru, akapanda boti. Kumbe alikuwa anaenda kwenye arusi ya mdogo wake, na vile viatu vilikuwa vya arusi. Kule Kalemie alikuwa anapanda treni.

Aliporudi, baada ya muda mrefu, alishuka kwenye boti akaja moja kwa moja mezani, na begi bado liko begani.

"We njo ulinifungia mandazi mbili?"

Nikatazama mihogo.

"Mbili!" akawaambia bamama wote wa bandari. "Treni ilikaa ku Nyunzu mpaka tukajua majina ya mbuzi ya kijiji. Na mi niko na mandazi mbili, na samaki yenye imefungwa kama dinamiti!"

Bamama wakacheka mpaka wengine wakaweka vikapu chini. Koko akaniangalia, kisha akamwangalia yeye.

"Sasa ulikula nini, mwalimu?"

"Nilikula ya batu, mama. Siku ya kwanza niliona haya, nikajifanya niko nasoma. Nilisoma kurasa moja mpaka jua ikalala. Kesho yake mama moja akaniambia: 'Papa Viatu, kuya ukule, utakufa na viatu yako mizuri.' Basi nikaenda. Tangu pale vagon yote ikaniita Papa Viatu. Ku arusi nilifika na vumbi mpaka mu masikio, lakini nilifika na bandugu bapya. Ata jana balinipigia simu."

Akanigeukia. Nilikuwa nangoja matusi. Akasema, "Mutoto, merci. Lakini mara ingine, uliza."

Alipoondoka Koko hakunipiga. Alichukua tu kitambaa, akafuta meza ambayo ilikuwa safi, akasema, "Viatu hazina mudomo. Uliza muntu."

Ndiyo siku niliyoanza kuuliza. Mapendo, nakuachia dawa niliyoipata mwenyewe: usimwangalie mteja machoni. Angalia kifungo cha pili cha shati lake, ao fundo la kikwembe, kitenge chake, kama ni mama. Uliza kile kifungo. Mteja atadhani unamheshimu. Baada ya muda utajikuta umepanda mpaka kidevu, na siku moja utafika kwenye macho, na utaona hakuna kitu cha kutisha mle ndani. Wengi wana usingizi tu, na wasiwasi wa boti.

Sasa kazi yenyewe.

Ndege ina saa. Hata ikichelewa, inachelewa kwa aibu, watu wanaulizana na kukasirika. Treni haina saa na haioni aibu. Zamani, Koko anasema, alikuwa anafunga kwa kukisia tu. Siku hizi mteja anapigia simu rafiki yake wa Kalemie: treni imefika? Na jibu ni moja kati ya haya: imefika, iko njiani, ao bado iko kwenye maneno. Hata ikifika, hakuna anayejua itakaa wapi kungoja reli itengenezwe. Kwa hiyo chakula cha treni kinapangwa kwa uvumilivu wake. Juu kabisa weka mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga, vya siku ya kwanza, maana hivyo havijui kungoja. Chini yake weka kwanga, ule mkate wa muhogo ndani ya majani, unaojua kungoja. Chini kabisa weka vikavu: ndakala, wale dagaa wetu, karanga, mahindi ya kukaanga. Hivyo treni ikiota mizizi havina shida. Ukipanga kinyume, mteja atafukua kikapu chote kutafuta mihogo, na akiipata imeanza kunuka.

Samaki wa treni, mkebuka, anapita motoni mara mbili. Mara ya kwanza akauke. Mara ya pili asubuhi ya boti, akumbushwe. Neema, wewe unapenda kuruka hii ya pili kwa sababu moshi unakuumiza macho. Usiruke. Nimeona samaki asiyekumbushwa akirudi na mteja.

Mafuta ya mawese kwa treni hapana. Chupa ikipasuka, behewa zima litamchukia mteja wako mpaka Kamina, na yeye atakuchukia wewe. Na kila kitu kwenye mafundo madogo, lile fundo la Koko ambalo unavuta mkia mmoja linafunguka. Katika treni mtu ana mkono mmoja tu. Mwingine umeshika mtoto, ao umeshika bagaje, ao umeshika dirisha.

Halafu kuna sheria ambayo ilinichukua muda mrefu kuielewa. Mteja wa treni akija peke yake, Koko anamfungia chakula cha watu watatu. Nilidhani anataka tu kuuza vingi. Wateja nao wanalalamika, mtawasikia: "Mama, mi niko moja!" Koko anawajibu, "Sasa uko moja. Ngoja treni iondoke." Kumbe chakula cha ziada ndicho kinachofungua mdomo. Unakaa na watu usiowajua, magoti yanagusana, hakuna anayeanza. Unatoa karanga, unasema karibu. Basi, umepata mtu wa kukulindia plasi yako ya kukaa ukienda chooni, na wa kukuamsha mahali pa kununua maji, na wa kumshika mtoto. Anayekula peke yake akigeukia ukuta, analinda bagaje yake peke yake pia, na halali.

Chakula cha ndege ni kazi nyingine kabisa. Kule adui ni wawili: mizani na pua. Mizani inahesabu kila kitu, na pua za watu wa ndege ni laini, sijui kwa nini, wengi wao wamekulia hapahapa ziwani kama sisi. Samaki wa ndege anafungwa sashe ya plastiki, halafu makaratasi, halafu makala, yaani makaa, yaliyosagwa kama unga, halafu sashe tena. Makala ndiyo yanayomeza harufu. Usiweke kitu chochote chenye maji. Cha kula njiani ni karanga tu na mandazi, maana kabla mtu hajapata njaa wameshamwambia afunge mkanda, wanashuka.

Kuna mama mmoja wa Lweba ambaye mizani ilimkatalia mfuko wa ndakala. Akaingia chooni pale uwanja wa ndege na mfuko, akatoka bila mfuko, lakini na tumbo kubwa chini ya kikwembe. Wakampisha mstari. Wakampa kiti cha mbele. Bwana mmoja akamuuliza kwa upole mtoto anazaliwa mwezi gani, na yeye akajibu, "Tukifika tu." Alituhadithia mwenyewe, machozi ya kicheko yanamtoka. Msifundishe wateja hivyo. Nimeandika ili mjue mizani inaweza kumfikisha mtu wapi.

Sasa mtaniuliza, kama wateja wote wanavyouliza: kati ya treni na ndege, ipi ni nzuri? Mimi sijapanda hata moja. Lakini nimewasikiliza wanaokwenda na wanaorudi, na mtu asiyeongea anasikia mengi.

Nisiwadanganye kuhusu treni. Kiti ni kigumu. Choo, baada ya siku ya kwanza, wanakizungumzia kwa kukunja uso tu. Jua likiwaka, mabati yanakuwa sufuria na ninyi ndio maharage. Mgonjwa tunamwambia apande ndege kama ana njia. Mwenye msiba pia, Koko mwenyewe huwa anamwambia, "We usikawie, enda ukalie na benzako." Ndege inakupandisha asubuhi na mchana unakula Lubumbashi, hujachafuka hata kola. Masikio yanaziba kidogo, basi. Wanaoipenda wanaipenda kwa kweli, na siwalaumu.

Lakini kuna Mama Vumi. Mnamjua, yule mfanyabiashara wa vikwembe anayecheka kabla hajamaliza kusema. Miaka yote ni wa treni. Mara moja tu binti yake alijifungua, wakamtumia tiketi ya ndege. Akaja kutusimulia akiwa amekaa juu ya kindoo chetu.

"Koko, nilikaa karibu ya papa moja. Nikamupa karanga. Akasema merci, akaangalia dirisha. Nikamupa tena. Akasema merci, akafunga macho! Mi nikabaki na karanga mukononi sawa mutoto amefukuzwa ku masomo."

"Na kufika?"

"Kufika njo mambo! Kwanga yenye ulinifungia ilikuwa bado na moto. Moto, Koko! Bajirani ba mutoto yangu bakaishika, bakasema: huyu mama anatoka karibu, anatudanganya. Sikia. Nikitokaka mu treni, na vumbi, na mugongo imevunjika, bananipokea sawa malkia. Bananipashia maji, bananipa kitanda, nalala, hakuna mutu ananigusa. Safari hii nilitoka mu ndege niko mupya, nanukia sabuni. Unajua balifanya nini? Balinituma ku soko siku ileile!"

Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Kwake huo ulikuwa ushahidi uliomaliza kesi. Kila mteja aliyekuja na kusitasita alisimuliwa kwanga ya moto ya Mama Vumi.

Kwa nini Koko anapenda treni hivyo, labda hamjaambiwa. Alipokuwa msichana, ameolewa juzijuzi, Koko mwanaume, babu yetu, alikuwa na kazi Lubumbashi, akamfuata kwa treni na mtoto mchanga mgongoni. Yule mtoto ni mjomba, huyu mjomba wetu wa simu na suti. Walipopita Kabalo mtoto akashikwa na homa, na treni ikasimama mahali pasipo na kitu, porini tu. Koko hakujua Kilingala, Kifaransa hakujua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu Fizi, kimechanganyika na Kibembe. Lakini siku ya kwanza alikuwa amemkatia samaki mama mmoja aliyekaa mbele yake. Samaki mmoja. Yule mama ndiye aliyemchukua mtoto mikononi mwake, akapita behewa kwa behewa akiuliza nani ana dawa, mpaka akapata. Halafu akakaa akimpangusa mtoto kwa kitambaa cha maji, na Koko akalala, kwa sababu alikuwa hajalala. "Mujomba yenu," Koko anasema, "alipona kwa mukebuka moja." Jina la yule mama analitaja kila mwaka katika maombi ya mwisho wa mwaka, ninyi huwa mnasinzia.

Sasa tufike kwangu.

Mjomba alipiga simu wiki iliyopita. Nitakaa kwake Lubumbashi, nisome uuguzi. Akasema nauli yoyote atatuma, ndege ao treni, nichague mwenyewe, ila nijibu kabla ya boti ya leo. Nilikuwa nimeshachagua hata kabla hajamaliza. Ndege. Na sababu nawaambia ninyi tu: katika ndege hakuna anayekuuliza kitu. Unatoa karanga mara mbili, wanasema merci, wanafunga macho. Wengine wanaona ni ubaya. Mimi niliona ni peponi. Ningefika Lubumbashi bila kuongea na mtu yeyote, halafu ningeingia chumba watakachonipa kwa mjomba, nikafunga mlango. Mke wa mjomba sijawahi kumwona. Nilikuwa naota usiku jinsi nitakavyomsalimia, na katika ndoto sauti haitoki.

Tatizo lilikuwa Koko. Niliogopa kumwambia, mimi mjukuu aliyemlea mezani, kwamba naikimbia treni. Nikabeba jibu langu siku mbili kama jiwe kwenye kiatu. Siku ya tatu, Mama Vumi akiwa pale anachagua mikebuka, Koko akasema bila kuniangalia:

"Sifa, mwambie mujomba akuwekee ndege."

Mama Vumi akadondosha samaki. "Ee! Mbinguni! Koko anasifu ndege? Tuanike nguo ndani, mvua inakuja!"

"Nyamaza, mi naongea na mutoto yangu."

"Si njo we ulinichekea na kwanga ya moto?"

"We ni we. Huyu ni huyu." Koko alikuwa anafunga ndakala, na mikono yake haikusimama. "Huyu hajui kusema karibu. Mu treni muntu asiyesema anakufa njaa na kikapu iko mu magoti. Atakaa pale na chakula ya batu batatu, ataiangalia mpaka Lubumbashi. Bora ndege. Ndege haiulize muntu kitu."

Alisema kwa upendo, wadogo zangu. Sauti ilikuwa laini kuliko siku zote. Na ndicho kitu nilichokuwa nataka kusikia. Ningepaswa kurukaruka. Badala yake nilikwenda nyuma ya mitungi ya maji nikalia kama mjinga.

Nilijiuliza ninalia nini. Nimepewa ndege na ruhusa pamoja. Halafu nikaelewa: Koko amenitazama kama ninavyotazama viatu. Ameona kimya changu, akanifungia mandazi mawili.

Na hakukosea kabisa, ndicho kilichoniuma. Lakini nikafikiri pia: nimewauliza watu wangapi kule walikokuwa wanakwenda? Bandari nzima. Waliotoka Kilembwe na vumbi la dhahabu kwenye kucha, wazee wa milimani na fimbo zao na maziwa kwenye kibuyu, bamama wa Mboko, wanafunzi, wajane. Wote nimewauliza, kila mmoja akanijibu, na wengi wakaendelea kunijibu hata baada ya swali kuisha. Kama naweza kumuuliza mtu upande huu wa meza anapanda nini, kwa nini upande ule nisiweze kumwambia karibu? Ni kifungo kilekile cha shati.

Sikumwambia Koko. Sikumwambia mtu. Mjomba nilimjibu jana kwa ujumbe, kwa sababu ujumbe hauna sauti.

Leo asubuhi mlikuwepo, lakini mlikuwa na wasiwasi wa kazi mpya, labda hamkuona yote. Koko alituambia tufanye mtihani wenu wa kwanza. Neema nyuma ya meza, Mapendo pembeni na sashe, na mimi nizunguke, nisimame mbele kama mteja. Koko alikuwa ameshaandaa pembeni kifurushi changu: sashe, makaratasi, makala yaliyosagwa, samaki wawili wa kumpelekea mke wa mjomba, mandazi mawili. Kidogo, kizuri, hakinuki. Nilikiona nikajua amekifunga tangu alfajiri, maana makala yalikuwa bado kwenye kucha zake.

Nyuma yangu walikuwa wamesimama wateja wa kweli. Mama Vumi, na bwana mmoja mwenye redio, na wanawake wawili wa Lweba. Sijawahi kusimama upande ule. Kutoka pale meza ni ndefu, na Koko anaonekana mdogo.

Neema, uliuliza vizuri, ila ulicheka kumwona dada yako ni mteja. "Yaya, ku Kalemie unapanda nini?"

Sauti ikashuka tumboni. Nikaijua njia yake, nikaifuata. Neema, ulikuwa na kitambaa chenye maua, na lile ua la pili ndilo nililolijibu.

"Treni."

Haikutosha. Mapendo akainama akachukua kile kifurushi cha ndege anipe, maana hata yeye hakunisikia.

Nikanyanyua macho nikamwangalia Koko. "Koko, napanda treni. Mjomba nimeshamwambia."

Mama Vumi alipiga kigelegele, watu wa boti wakageuka. Koko akamnyang'anya Mapendo kifurushi, akakiweka chini ya meza. Akavuta kikapu kikubwa, kile cha mkono mmoja uliokatika. Akaanza. Ndakala chini, karanga, mahindi. Kwanga. Akasimama, akafikiri, akaongeza kwanga nyingine. Mikebuka akawanusa mmoja mmoja, akawarudisha wawili motoni wakumbushwe. Akaongeza karanga tena. Kikapu kikajaa, akakisindilia kwa kiganja, akaongeza.

Ndipo wewe Neema ulipouliza lile swali lililomchekesha bwana wa redio: "Koko, hii yote ni ya muntu moja?"

Koko alikuwa anafunga fundo la mwisho, lile la kuvuta mkia mmoja. Akalijaribu, likafunguka. Akalifunga tena.

"Hapana," akasema. "Ni ya bale hatujabajua bado."